Mke Mwenza wa Kilo 30

Kila ndoa ina kitu chake kimoja ambacho hakihusiani kabisa na mapenzi, lakini ndicho kinachozaa kesi kuliko vyote. Kwa shoga yangu mmoja ni rimoti ya televisheni. Kwa jirani zangu ni mbwa. Kwangu mimi ni amplifaya ya gitaa ya miaka ya 1960, uzito wake unapita kilo 30, na kabla haijawa kesi nyumbani kwangu ilikuwa kesi kwa mama mkwe wangu kule Ndungu. Tangu niolewe sijawahi kumsikia akiiita jina lingine zaidi ya "mke mwenza".

"Mke mwenza wangu kaamka?" Ndivyo anavyouliza akikuta kitambaa kimefunuliwa.

Kwa wasioijua Ndungu: ukitoka Dar unafuata barabara kuu ya Moshi mpaka Mkomazi. Pale, wenzako wakinyoosha kwenda Hedaru, Makanya na Same, wewe unakata kulia kuelekea Kihurio. Milima ya Upare inabaki kushoto kwako, hifadhi ya Mkomazi iko kulia, na katikati kuna joto. Halafu ghafla unaona kijani: mashamba ya mpunga, mifereji, maji yanatembea kwa adabu kila upande. Hiyo ni skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya mpunga kupata jina, huku kulikuwa na mkonge, na baba mkwe wangu alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mchana fundi umeme. Jumamosi usiku, mpiga gitaa.

Nilipopelekwa kutambulishwa, tukala makande, tukaulizana habari za safari, kisha Baba akaniita sebuleni. Nikajua sasa naulizwa ukoo. Wapi! Akafunua kitambaa chenye vipepeo vya kushonwa kwa mkono, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo Vox."

Mimi nilikuwa najua Vox kama unavyojua jina la mtaa ambao hujawahi kufika. Baadaye nikaelimishwa, tena kwa nguvu. Ni amplifaya ya Kiingereza, modeli AC30, kazi ya kampuni ya Tom Jennings ya Dartford, na mtu aliyeisanifu anaitwa Dick Denney. Wati 30, spika mbili za inchi 12, na mgongoni safu ya valvu zinazowaka kama mishumaa. The Shadows walipigia hiyo, The Beatles wakapigia hiyo, Brian May wa Queen kazeeka nayo. Na kijana mmoja wa Kipare aliinunua mitumba mwaka 1971 kutoka kwa bendi moja ya Tanga iliyokuwa inabadilisha vyombo.

Usione dogo hilo la kununua. Tanga ya miaka hiyo ilikuwa moto, ndiyo Tanga ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ndiko ndugu wa Kinyonga walikopitia kabla ya kwenda Arusha na mwishowe Nairobi kuwa Simba Wanyika. Lakini bendi kubwa nyingi za nchi hii vyombo havikuwa vyao. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na yao, jeshi yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na akihama bendi aliondoka na vidole vyake tu, gitaa na amplifaya vinabaki kwa mwenye mali. Sasa Baba, na bendi yao ya watu wanne ambayo haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja, alikuwa na amplifaya yake mwenyewe. Mama anasema siku ile ilipofika Ndungu juu ya lori la mkonge, watu walikuja kuitazama kama bibi harusi. Ndipo jina likaanza, kabla hata yeye mwenyewe hajaolewa.

Watu wanne, amplifaya moja. AC30 ina chaneli tatu na matundu sita ya kuchomeka. Mpiga solo alichukua ile chaneli kali inayong'ara, maikrofoni ikaenda kwenye ile ya mtetemo, na Baba, aliyepiga second, akaachiwa chaneli ya kawaida, iliyoandikwa Normal. Jina lenyewe linasema: ya kawaida. Kumbuka hili, tutalirudia.

Mimi nilimuuliza Baba valvu ni nini hasa, maana kwa mwanawe nilikuwa nimejifanya naelewa. Hakunichorea kitu. Alinipeleka mferejini. Akanionyesha lango dogo la mbao, akasema, "Maji mengi yote yale yanasubiri hapa. Lango hili mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulishika. Akilipandisha kidogo tu, shamba zima linakunywa. Sauti ya gitaa ni yule mtoto. Maji ni umeme wa volti mia tatu na kitu. Valvu ni lango."

"Na mtoto akivuta lango lote?"

"Mfereji unajaa mpaka kwenye kingo. Haupandi tena. Lakini maji hayakatiki kama umeyapiga panga, yanajiviringa pale kwenye kingo. Ule mviringo ndio watu wanaoutafuta."

Nimesoma shahada nzima ya mawasiliano, nikafundishwa ishara na kelele na mapokezi, hakuna mhadhiri aliyenieleza hivyo. Transista, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1947, ikajaza redio zote za dunia ndani ya miaka thelathini, ikisukumwa kupita kiasi hukata mawimbi kama panga. Ndiyo maana wapiga gitaa wamebaki kuwa kati ya watu wachache waliokataa kuachana na valvu. Viwanda vilivyobaki vinahesabika: kimoja kikubwa kiko Saratov, Urusi, kingine Slovakia, vingine China. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia kwa muda valvu zisitoke nje, bei zikaruka. Nalijua hili kwa sababu liliingia mpaka jikoni kwangu.

Twende sasa kwenye kesi.

Amplifaya ilikuwa imenyamaza tangu 2005. Ilianza kwa kuvuma kama mzinga wa nyuki, kisha ikatoa harufu, Baba akaizima, akaifunika vipepeo. Juni 2023 tulipokwenda likizo, akamwita Baba Watoto. "Desemba natimiza miaka 50 na mama yako. Nataka siku hiyo aisikie. Vidole vyangu bado vinakubali, macho ndiyo yamekataa, siwezi tena kulehemu. Chukua."

Mume wangu anashughulika na minara ya simu. Kutwa nzima ni waya, antena na kompyuta, na jioni anataka kupumzika kwa... waya. Mzee kumkabidhi Vox ilikuwa kama kumkabidhi mlevi funguo za baa. Tukaipakia nyuma ya gari, imefungwa mkanda wa usalama kuliko mtoto wetu, tukarudi Dar.

Wiki ya kwanza alikuwa mtu wa heshima. Akabadilisha kapasita kubwa za kuchuja umeme, zile zenye dawa ndani ambayo hukauka kwa miaka, na hizo ndizo zilizokuwa zinaleta mvumo. Akatoa ule waya wa zamani wa nyuzi mbili, akaweka wa nyuzi tatu wenye ethi. Kwenye kishikio cha fyuzi akakuta hakuna fyuzi: kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa. Mzee huyohuyo fundi umeme! Lakini tulishawahi wote kukosa fyuzi saa tatu ya usiku watu wakisubiri dansi, au siyo? Hapo nilikuwa upande wake kabisa.

Wiki ya pili likaja lile neno. "Sasa naiboresha."

Nilipomuuliza kuboresha kitu gani, akanifungulia darasa. Kwanza, valvu mpya zote, nne za EL84 na zile ndogo za ECC83. Pili, kapasita zote ndogo za njia ya sauti zitolewe, ziwekwe mpya kwa vipimo vilevile vya mchoro wa kiwandani. Tatu, atoboe tundu kwenye paneli ya mbele aweke kidhibiti cha pili cha sauti, ili valvu za mwanzo zisukumwe mpaka zikwaruze huku sauti inayotoka ikiwa ndogo, asiamshe mtaa. Anapenda bluzi za Kimarekani, zile gitaa zinazokoroma. Nikamwambia kwa Kiswahili cha wenye magari hiyo inaitwa kuchakachua. Akakasirika kweli.

"Hata Vox wenyewe walichakachua!" Na kusema haki hapo alikuwa na hoja. Ile sauti ya kung'ara iliyoifanya AC30 ijulikane dunia nzima, inayoitwa Top Boost, mwanzoni haikuwemo. Ilikuwa kipande cha nyongeza kilichoanza kufungwa nyuma ya sanduku kuanzia mwaka 1961, kwa sababu wapiga gitaa walilalamika kwamba sauti haina makali. Miaka kadhaa baadaye ndipo kiwanda kikaiingiza ndani moja kwa moja. Jim Marshall naye amplifaya yake ya kwanza ya 1962 ilikuwa nakala ya Fender Bassman ya Marekani, ila kwa valvu na spika zilizopatikana Uingereza, na tofauti hiyo ikawa sauti mpya kabisa. Dave Davies wa The Kinks alichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, ndiyo unayoisikia kwenye wimbo wao wa 1964, You Really Got Me. Eddie Van Halen yeye alipunguza volti zinazoingia kwenye Marshall yake mpaka ikalainika. "Kila sauti nzuri unayoijua," akamaliza Baba Watoto, "kuna mtu alikaa na bisibisi akaiharibu kwanza."

Maneno matamu. Mimi nikauliza swali moja tu: hela?

Wanaume, mnisamehe, lakini ukimya wa mwanaume aliyeulizwa hela una harufu yake. Shilingi 620,000. Zilitoka kwenye hela ya bati za nyumba yetu. Alikuwa ameshazituma, vifaa viko njiani, mimi naambiwa kwa sababu nimeuliza. Usiku ule tuliongea kwa sauti ambayo haikuhitaji valvu yoyote. Sitakuchosha na yaliyosemwa. Nitakwambia tu kwamba siku mbili baadaye, saa nne usiku, alichukua drili ili atoboe lile tundu, nami nikamnyang'anya. Sikuwa natetea urithi wa mtu. Mtoto alikuwa amelala, na mimi nilikuwa bado nina hasira. Tundu halikutobolewa, na hasira zangu hazijawahi kufanya kazi nzuri zaidi ya ile.

Kuna jambo lingine nililifanya bila kujua. Vile vidude alivyovikata na kuvitupa mezani, kapasita za rangi ya udongo, za njano, vipande vya waya, nilivikusanya kwenye kopo tupu la majarini. Kwa sababu gani? Kwa sababu tuna mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Nilikusudia kutupa. Kopo likaingia kwenye mzigo wa safari pamoja na vikorokoro vingine, si unajua tunavyofungasha.

Desemba tukafika Ndungu siku tano kabla ya sherehe. Amplifaya ikawekwa sebuleni. Kabla hajaketi, Baba alipitisha kiganja polepole kwenye paneli ya mbele, mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta kipele. Akaridhika. Mimi nikatazama dari.

Akachomeka gitaa kwenye Normal, akasubiri valvu zipate joto, akapiga. Hakukuwa na mvumo hata kidogo. Sauti ilikuwa nene, safi, ya kujaa, mimi mwenyewe nikasisimka. Baba akapiga mistari mitatu ya second, akasimama. Akarekebisha vifundo. Akapiga tena. Akashusha gitaa.

"Umefanya kazi nzuri sana, mwanangu. Imepona." Akanyamaza. "Lakini siyo yangu."

Sijui kama umewahi kumwona mume wako akiwa na umri wa miaka minane. Mimi niliona pale. Alianza kueleza: Baba, hii ndiyo sauti yenyewe, nimefuata mchoro wa kiwanda, kila kipimo, hata ule mkwaruzo niliouongeza nimeshautoa, sasa hivi ni kama ilivyotoka Uingereza. Mzee anatikisa kichwa kwa upole, na huo upole ndio unaoumiza. Chakula cha jioni tulikula kimya. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, anachambua mchele kwa ajili ya sherehe, anasema bora mke mwenza akapumzike.

Nikakumbuka kopo.

Baba alivimimina vile vidude kwenye ungo wa Mama, juu ya mchele. Akavaa miwani, akaanza kuvigeuza kimoja kimoja kama anatafuta mawe. Akatoa kimoja, cha rangi ya udongo, kimefifia, akampa mwanawe. "Soma."

Kilisomeka 0.001. Baba Watoto akafungua mchoro kwenye simu. Mahali pale, kwenye njia ya kutoka valvu ya kwanza ya chaneli ya kawaida, mchoro unataka 0.047. Mara 47 zaidi. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kawaida hapa, niliomba tafsiri: kapasita hii ni kama chujio. Kubwa hupitisha kila kitu, besi na yote. Ndogo huzuia besi, hupitisha sauti za juu. Mume wangu alipoiona siku ile mezani Dar alidhani ni makosa ya fundi fulani wa zamani. Akaisahihisha.

"Siyo makosa," akasema Baba. "Ni mimi. Mwaka 1979."

Mwaka ule, bwana, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani Uganda. Hakuna sabuni, hakuna betri, sembuse kapasita ya amplifaya ya Kiingereza. Ile ya asili ilikuwa imekufa. Akatafuta chochote. Alichopata kilikuwa kidogo mno, lakini akakilehemu hivyohivyo kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja. Na Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, second yake ikasikika. Kabla ya hapo ilikuwa inazama kwenye besi, watu wanacheza solo wanamsahau. Sasa ikawa inakaa juu ya besi na chini ya solo, nyembamba, inakatiza kama maji kwenye kokoto. Mpiga solo alilalamika. Wachezaji hawakulalamika. Hakuigusa tena mpaka ilipozima.

Kwa hiyo sauti ambayo Baba Watoto aliiua kwa kurudisha uasili, nayo ilikuwa imechakachuliwa. Nikaona mume wangu anaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka, tukajua tumepona.

Mama hakucheka. Aliacha kuchambua.

"Ulipata wapi?"

"Nini?"

"Hicho kidude. Mwaka 1979 hakukuwa na kitu madukani. Ulipata wapi?"

Msomaji, nimeshakaa kwenye vikao vingi vya usuluhishi, vingine vya watu maarufu ambao siwataji, lakini kimya kama kile sijapata kukisikia. Baba akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

Mama alikuwa na redio. Redio ya valvu, Philips, aliyopewa na kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, ambaye sasa ni marehemu. Ilikuwa na lile jicho la kijani linalojifumba ukishika stesheni vizuri. Kwenye nyumba za shamba umeme wa jenereta uliwashwa jioni tu, na jioni hizo yeye alikuwa anasikiliza taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji kutoka Dar es Salaam, amekaa na jicho lake la kijani. Siku moja mwaka 1979 redio haikuongea. Mumewe, fundi, aliifungua, akaitazama, akamwambia, "Imekufa. Na kwa hali hii ya vita, spea hakuna."

Tena haikuwa kapasita peke yake. EL84 ile ya AC30 ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikitumika kwenye redio na redio gramu nyingi za Philips. Kwanza alichukua valvu. Kisha akarudi kuchukua kapasita.

"Miaka 44," akasema Mama.

Mnajua utani wa Wapare na kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ile ilikuwa kesi ya redio, na hakimu alikuwa mlalamikaji. Hakupiga kelele. Alimwuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa Kichasu, mimi nikitafsiriwa kwa kunong'onezwa, na kila swali lilikuwa na tarehe. Alimkumbusha nani alikuja kumtembelea akamkuta ameikalia redio iliyokufa. Alimkumbusha kwamba aliandika barua Mombasa kuomba msamaha kwa kaka yake kwa kutoitunza. Hapo Baba akainamisha kichwa. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuiita amplifaya mke mwenza kwa miaka yote hiyo kwa utani, kumbe moyo ulishajua kitu ambacho kichwa hakikuambiwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, zile bati mlinunua?"

Nilikuwa sijamwambia kuhusu bati. Naapa. Baba Watoto akasoma mchoro kwenye simu kwa makini ya ajabu.

"Mwanangu, mwulize leo," akasema Mama. "Usingoje aje mtu na kopo."

Tulilala usiku sana. Asubuhi Baba Watoto alipima kile kikapasita cha zamani, akakuta kinavuja: karatasi ya ndani ilishachoka, kilikuwa kinapitisha umeme usiotakiwa kwenda mbele. Kukirudisha ingekuwa kuiua amplifaya taratibu. Lakini kwenye mkoba wake alikuwa na kipya, cha plastiki, chenye kipimo kilekile, 0.001. Akazima, akachomoa waya ukutani, akakausha umeme uliobaki. Baba akasimama nyuma yake. "Mkono mmoja mfukoni," akasema, na mtoto wake wa miaka 38 akaingiza mkono wa kushoto mfukoni.

Hili nakuomba ulichukulie kwa uzito kama umerithi sanduku la namna hii kwa babu. Kapasita zile kubwa zinaweza kushika mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya, na mkono mmoja mfukoni ni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Ule waya wa zamani usio na ethi nao si mapambo ya kale. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni huku mkono wake mwingine ukiwa kwenye gitaa. Mtafute fundi aliyezoea vitu vya valvu, hata kama ni mzee asiyeona vizuri, akae tu na kuelekeza. Usiiwashe "kujaribu" baada ya miaka ishirini ya kulala. Mambo ya lazima kwanza, ethi, fyuzi halisi, kapasita za kuchuja. Ladha baadaye. Na kila kinachotoka kiweke kwenye kopo, uandike kilitoka wapi. Mimi siku hizi naandika.

Baba alipiga mistari ileile mitatu. Sikuhitaji kuambiwa. Hata mimi nisiyejua second na solo nilisikia gitaa limesogea, limetoka kwenye kona limekuja kukaa mlangoni. Nitakuwa mkweli: kwa sikio langu mimi ile nene ya jana yake ilikuwa nzuri zaidi. Nililinyamazia hilo, na nadhani Baba Watoto naye alilinyamazia.

Siku ya sherehe tulitoka kanisani saa saba, tukala, tukahutubiwa, si unajua. Jioni ndipo vyombo vikatoka uwanjani. Umeme ulipoelemewa na taa za sherehe, balbu zikawa za rangi ya chungwa, na amplifaya nayo ikalainika, ikawa kama inaongea na shuka mdomoni. Baba Watoto akanisogelea sikioni: "Van Halen alikuwa analipia hii." Nikamwambia na sisi tumelipia, shilingi 620,000. Akakubali. Aprili alipouza gitaa lake la pili tukaezeka, sikumlazimisha. Sana.

Kile kikapasita cha zamani hakikurudi kwenye kopo. Mama alikichukua siku ileile kutoka mkononi mwa mwanawe, akasema, "Hiki ni changu," akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mahali anapoweka hela za sadaka. Usiku wa sherehe alikaa nacho hivyohivyo, kwenye kiti cha mbele kabisa, miguu imenyooshwa, anamtazama mumewe akipiga. Wimbo ulipokwisha watu wakapiga makofi na vigelegele, Baba akamtazama yeye tu, anangoja.

"Redio yangu ilikuwa na sauti nzuri zaidi," akasema Mama. "Piga kingine."